Mfuniko wa Efrazia

Bashay, Mbulu
3 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Oliva, mpika sukari wa Dar es Salaam,

Marahaba. Najua ukifungua barua hii neno la kwanza litakuwa shikamoo, kwa hiyo nimeitikia mapema tusipoteze karatasi.

Unashangaa kuona kalamu. Simu yangu imekanyagwa na ng'ombe. Ni yule mwekundu asiye na adabu. Aliikanyaga kwenye majani, akanitazama usoni, akakojoa. Kwa hiyo usipige, utaambiwa mteja hapatikani, na ni kweli mteja hapatikani. Bibi yako naye unamjua, hajawahi kukubali simu, anasema sikio lake si la kukodisha. Wewe andika tu, mpe Nicodemo, kondakta wa basi la Mbulu. Ataniachia dukani.

Bibi yako Efrazia yupo. Ila amenuna. Tangu katikati ya mwezi wa pili hajanipa neno hata moja, hata lile la "toka hapo". Miaka hamsini na mbili nilimwomba Mungu ampunguzie maneno, sasa Mungu amenisikia kwa masikio yote mawili na mimi sina raha. Usijali. Mwanamke wa Gendabi akinuna hununa kama anavyolima, hamalizi mpaka shamba liishe.

Sasa nisaidie. Mwalimu Verdiana, huyu aliyeletwa hapa kutoka Bukoba, ameniuliza mjukuu wangu anasomea nini. Nikasema anatengeneza sukari. Akauliza, kiwandani? Nikasema hapana, kwenye chupa, na kwa miaka minne yote aliyotengeneza haitoshi kukoroga kikombe kimoja cha chai. Akacheka. Mimi nikacheka naye, lakini nilipofika nyumbani nikaona nimekucheka wewe bila kujua ninachokicheka. Nieleze. Kwa nini mtu atengeneze sukari wakati duka la hapa lina gunia? Nieleze kwa lugha ya darasa la nne, na la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu.

Babu yako,
Bonaventura Tluway

*

Dar es Salaam
14 Machi 2025

Babu,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Habari ya ng'ombe mwekundu imenichekesha mpaka mlinzi wa maabara akaja kuchungulia. Nilihitaji kucheka, Babu. Utaona kwa nini.

Vijidudu vya nimonia vinavaa koti. Koti hilo limefumwa kwa sukari. Siyo ya chai, ni za ukoo mwingine, zimeshikana mikono mnyororo mrefu. Ukiweza kutengeneza kipande cha koti hilo bila mdudu mwenyewe, unaweza kuufundisha mwili wa mtoto ulijue koti kabla mdudu hajafika. Ndipo chanjo inapoanzia. Kazi yangu mimi ni ndogo: kuzishikanisha sukari mbili za kwanza.

Ndogo, lakini imeninyoa. Kila sukari ina mikono mingi, na ukiziacha zishikane zenyewe zinashikana ovyo. Kwa hiyo mikono yote unaivalisha glavu, unaacha mmoja tu huku na mmoja tu kule. Kisha unaomba maji yasije. Tone moja, hata unyevu wa hewa tu, linaushika mkono ule ulio wazi kabla mwenzake hajafika, na kazi yote imekufa. Ndiyo maana wenye uwezo wanafanyia ndani ya gesi kavu ya mtungi. Maabara nyingi za kwetu mtungi unakaa mtupu miezi. Mimi nimetafuta njia isiyotaka mtungi: chupa, tanuri, na punje ndogo kama za udongo ambazo zikikaushwa vizuri hunyonya maji. Imenikubalia mara sita. Sita, Babu!

Lakini kipo kitabu kinachokusanya njia za kuaminika za kutengeneza sukari za namna hii, na kitabu hicho hakipokei neno la mwenye njia. Mtu wa maabara nyingine, ambaye hajawahi kukuona ukifanya, anapewa karatasi yako, anaifuata, na lazima apate kilekile. Huruhusiwi kumpigia umwelekeze. Anachojua ni kilichoandikwa. Msimamizi wangu, Dokta Reginald, amesema bila kupita hapo tasnifu yangu haiendi popote. Mjaribu wangu ni dada mmoja wa Mwanza, anaitwa Mectilda. Nimempelekea sukari zilizokwisha kuvalishwa glavu, zinazotosha majaribio matatu. Zilinichukua miezi kumi na moja. Hakuna nyingine. Mwisho ni tarehe 31 Mei.

Mwambie Bibi namsalimia sana. Amenuna kwa sababu sikuja Krismasi? Niambie ukweli.

Mjukuu wako,
Oliva

*

Bashay
24 Machi 2025

Mke mwenza wa Efrazia,

Nimekuelewa! Nimemweleza na Mwalimu Verdiana, naye akanyamaza, na kumnyamazisha mwalimu si kazi ya kila siku. Ni harusi. Bwana amefungwa mikono, bibi harusi amefungwa mikono, kila mmoja kabaki na mkono mmoja ili wasije wakashikana pasipofaa mbele ya padri. Halafu maji ni yule jamaa anayeingia bila kadi. Anamshika bibi harusi mkono kabla bwana hajashuka kwenye gari. Hapo hata kwaya ikiimba, harusi hakuna.

Kinachonikera ni hao watu wa kitabu. Mara sita imekubali na bado wanataka mtu wa Mwanza? Hata Tomaso alitaka kugusa mara moja tu.

Sasa na mimi nina shida, ndogo. Tumbo langu linataka maziwa ya kibuyu, yale ya bibi yako hasa. Ya jirani halitaki, ya pakiti halitaki. Yeye ameyagomea pamoja na maneno. Nikimwuliza anavyofanya ananitazama tu. Wewe alikulea yeye, kibuyu umekishika tangu una meno ya utotoni. Niandikie hatua kwa hatua, kama ulivyomwandikia huyo Mectilda.

Haraka, Oliva. Usiniulize kwa nini haraka. Tumbo la mzee halina kalenda.

Babu yako,
B. Tluway

*

Dar es Salaam
2 Aprili 2025

Babu, shikamoo.

Jaribio la kwanza la Mectilda limeshindwa. Amepata uji wa kahawia, sukari zangu zimeshikwa na maji zote. Ameandika kwa upole: "Nimefuata kila neno." Nimesoma sentensi hiyo mpaka naiona ukutani. Yamebaki mawili.

Maziwa yako, haya hapa:

Osha kibuyu kwa maji ya moto, kikauke juani. Choma kijiti cha mzeituni wa porini mpaka kiwe kaa jekundu. Tia kaa ndani, tikisa mpaka harufu ipande, mwaga, kisha pangusa majivu kwa ule mkia wa ng'ombe unaoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Acha kibuyu kipoe. Tia maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Funika, weka pembeni siku tatu.

Hiyo tu. Ningeweza kufanya nimelala.

Bibi bado? Babu, mwombe aseme nawe hata neno moja kwa ajili yangu. Nikijua amenikasirikia sifanyi kazi vizuri.

Oliva

*

Bashay
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Oliva,

Nimefuata kila neno. Sasa na mimi nimeijua sentensi hiyo.

Kibuyu cha kwanza: siku ya tatu nimefungua, rangi ya kijani juu, harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Nikamwekea paka. Paka alinitazama kwa masikitiko, akatoka nje. Cha pili nilikwenda mwenyewe mpaka msituni kutafuta mzeituni, maana nilidhani kijiti cha kwanza kilikuwa cha uongo. Nikatikisa mpaka bega likalia. Kijani tena.

Na bibi yako ameongeza ugomvi. Nilipokiweka kibuyu dirishani kipoe, kama ulivyoandika, akaokota mfuniko kwa mkono wa kushoto akanirushia. Ukanipata begani. Nikamwuliza, Efrazia, nimekukosea nini leo? Akatazama pembeni. Mara ya pili vilevile: nimeweka kibuyu dirishani, mfuniko huo! Safari hii nilikwepa, ukampata kuku. Nimeoa mwaka sabini na tatu mwanamke mpole, sasa nakwepa mifuniko ndani ya nyumba yangu.

Nacheka, lakini sikiliza. Una wajaribu wawili walioshindwa sasa: dada wa Mwanza na mzee wa Bashay. Ama sisi wawili ni wajinga, na upande wangu nakubali, ama karatasi zako zina tundu mahali. Kaa chini, fumba macho, jione upo jikoni na Bibi. Umeacha nini?

Kibuyu cha tatu lazima kikubali. Nasema lazima. Mvua zimekaza na sina muda.

Babu yako,
Bonaventura

*

Dar es Salaam
25 Aprili 2025

Babu, shikamoo.

Sijaacha kitu. Nimefumba macho kama ulivyosema, nimekaa jikoni kwetu, nimepita hatua zote. Hakuna nilichoacha. Samahani kama maziwa yamekataa.

Jaribio la pili la Mectilda limeshindwa siku moja baada ya Pasaka. Uji uleule.

Dokta Reginald ameniita. Alifunga mlango kwanza. Akasema, "Oliva, njia inayomkubalia mwenyewe tu si njia. Ama ni bahati, ama ni maneno." Nikamwuliza maneno gani. Alinyoosha mkono akachukua daftari langu la maabara, daftari la miaka minne, akalifungia kabatini kwake. Babu, wanadhani nimeyatunga. Mara sita nimeona fuwele nyeupe, chembe zinazong'aa za sukari zilizoshikana, kwa macho yangu, na sasa nikipita kwenye korido watu wanaanza kuzungumza habari za mpira. Kuna kikao tarehe 2 Juni. Jaribio la mwisho likishindwa, hawatasema nimefeli. Watasema nimedanganya. Mtu akifeli anarudia. Aliyedanganya anarudia wapi?

Nimefikiria kumwandikia Mectilda aache tu, anirudishie sukari iliyobaki, nije nyumbani nilime maharage. Angalau maharage hayaulizi nani amekuona ukipanda.

Na mfuniko ule Bibi anaokurushia ni wangu. Mimi ndiye nilisema nitakuja Krismasi sikuja, mimi ndiye nilisema Pasaka nikakaa na chupa. Mwambie anirushie mimi. Mwambie hata akinuna mwaka mzima, aninunie mimi, asikunyime chakula wewe.

Sijui nitaandika tena lini.

Oliva

*

Bashay
4 Mei 2025

Oliva mwanangu,

Keti. Barua hii ni ndefu na nusu yake ni toba.

Ng'ombe mwekundu hajakanyaga kitu. Namwomba radhi mbele yako. Simu yangu ni nzima, iko ndani ya debe la mahindi, nimeizima mwenyewe. Niliizima kwa sababu ungepiga, na dakika ya pili ungesema, "Mpe Bibi." Na mimi ningempa nani?

Tarehe kumi na mbili mwezi wa pili bibi yako alianguka zizini akikamua. Kiharusi. Upande wa kulia umelala, na mdomo umelala nao. Hospitali walimhudumia vizuri, wakamrudisha, wakasema tumlishe, tumgeuze, tumwombee. Hajanuna, Oliva. Hana neno la kunipa. Yote niliyokuandikia kuhusu kununa niliandika nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, na nilikuwa namsomea, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka. Huo ndio uliokuwa mshahara wangu.

Nilikuficha kwa sababu ungeacha chupa. Ungekuja, ungemgeuza kitandani vizuri kuliko mimi, na hao watu wangesema umekimbia. Sasa naona nimekuficha ukabaki unajilaumu. Nisamehe. Mimi ni mzee na ujanja wangu ni wa zamani.

Tumbo langu pia halina kosa. Maziwa yalikuwa yake. Anaweza kumeza, lakini uji anafunga meno. Maziwa ya pakiti anayatema. Ya jirani ameonja akageuza uso ukutani. Nampa mchuzi na chai, vijiko, vijiko. Mkono wake sasa nauzungushia vidole viwili vikakutana. Muuguzi wa zahanati, kijana wa watu wa Tabora, amenieleza kwa adabu, akiangalia viatu vyake, kwamba kama haanzi kula, tusitegemee atayamaliza masika. Ndiyo haraka yangu ile uliyoambiwa usiiulize.

Sasa sikiliza lililotokea.

Jumanne nimechoma kijiti cha tatu. Nikatikisa, nikapangusa, nikakiweka kibuyu kwenye dirisha la chumba chake kipoe, moshi bado unatoka, mfuniko nimeuacha kitandani kando yake. Mfuniko huo, pap, kwenye mgongo. Oliva, nilikasirika. Sikuwa nimelala vizuri siku tatu. Nikamgeukia mgonjwa, nikampigia kelele: "Unataka nini, Efrazia? Unataka nife mimi kwanza?" Nikauokota mfuniko, nikaubamiza kwenye kibuyu kikiwa bado cha moto, nikasema, "Haya! Mfuniko wako ndio huo, kaa nao!" Nikatoka nje nikasimama na ng'ombe, maana ndio waliobaki wa kuzungumza nao.

Niliporudi alikuwa amefumba macho, mkono wa kushoto umelegea juu ya blanketi kama mtu aliyetua mzigo.

Jioni, kibuyu kimepoa, naenda kutia maziwa. Mfuniko haufunguki. Umenasa. Nikazungushia kitambaa, nikavuta, ukatoka kwa mlio: fyuuu. Kibuyu kilivuta pumzi kama mtu.

Nilikaa chini, Oliva. Kwa sababu mlio ule naujua. Miaka hamsini na mbili nimeusikia kutoka jikoni nikiwa kitandani, na miaka hamsini na mbili nilidhani ni yeye anasonya kwa sababu yangu. Kumbe ni kibuyu.

Uliandika, "acha kibuyu kipoe". Hukuandika kipoe kimefunikwa. Kikipoa wazi kinavuta pumzi ya nje, na masika haya pumzi ya nje ni maji matupu na ukungu. Kikipoa kimezibwa kinabaki na moshi wake. Yeye alikuwa ananiambia kwa njia aliyobaki nayo. Mara tatu amenitupia jibu na mimi nilikwepa!

Jana nimefungua. Meupe. Harufu ya moshi na uchachu. Nikamwekea kijiko mdomoni, akayashikilia kidogo kama anayapima, akameza. Akameza vijiko kumi na vinne. Nimevihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

Sasa neno langu ni hili, na kama ni upuuzi wa darasa la nne uutupe. Hukunificha hatua ile. Huijui. Mkono wako ndio unaijua, na mkono hauandiki barua. Na wewe umeniambia adui yako ni maji yaliyo hewani. Hizo chupa zako na punje zako, ukizitoa kwenye tanuri, unazipoza vipi? Usiniambie ulivyoandika. Nenda ukafanye, na ujitazame mikono.

Babu yako mwongo,
Bonaventura

*

Dar es Salaam
9 Mei 2025

Babu,

Nimelia kwanza, nimekukasirikia pili, nimekwenda maabara tatu.

Nilichomwandikia Mectilda ni hiki: "Kausha chupa na punje kwenye tanuri, acha zipoe, kisha ongeza sukari."

Nikasimama mbele ya tanuri. Nikatoa chupa, nikamimina punje za moto ndani yake, na kabla sijafikiri kitu chochote mkono wangu ulishachukua kizibo ukaziba. Chupa bado inaunguza. Nikaitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Nimefanya hivyo kila siku kwa miaka minne, na kila siku nimehangaika na vizibo vilivyonasa, nikivizungushia kitambaa, nikidhani vizibo vyetu ni vibovu! Mectilda ameacha chupa zake wazi mezani, Mwanza, ziwa lile pale, mvua dirishani. Punje zilishashiba maji kabla sukari haijaingia.

Naruhusiwa kusahihisha karatasi mara moja. Nimeongeza maneno sita: "ziba zikiwa bado za moto kabisa." Limebaki jaribio moja.

Babu, nikiondoka kabla ya kikao wataandika nimekimbia. Lakini neno moja tu kutoka kwako, napanda basi kesho. Muulize Bibi. Akitaka nije, nakuja, na sukari zikafie mbali.

Oliva

*

Bashay
15 Mei 2025

Oliva,

Nimemwuliza. Nimemsomea barua yako yote, polepole, na pale kwenye kizibo nilirudia mara mbili kwa sababu upande ule wa uso ulicheka. Kisha nikasema, "Efrazia, mtoto aje?"

Akaokota mfuniko.

Kwa hiyo usije. Kaa kwenye kikao chako, uwatazame machoni.

Anakunywa. Si sana. Mdomo haujarudi, na muuguzi bado anaangalia viatu.

B.

*

Dar es Salaam
3 Juni 2025

Babu, shikamoo. Na Bibi, shikamoo, najua unasomewa.

Imekubali.

Mectilda ameleta majibu siku mbili kabla ya mwisho. Fuwele nyeupe, kiasi kilekile nilichoandika, kimepungua kidogo sana. Chini ya ripoti ameandika kitu ambacho ripoti hazina: "Kizibo kilinasa. Nilikivuta kwa kitambaa na chupa ikavuta pumzi. Hapo nikajua." Dokta Reginald aliisoma mbele ya kikao kizima. Halafu alikwenda kabatini, akatoa daftari langu, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati lake. Hakusema samahani. Lile shati lilisema.

Mmoja wa wazee wa kikao aliniuliza nilijuaje tundu lilipo. Nikasema mjaribu wangu mwingine, wa Bashay, alishindwa mara mbili kwa uaminifu mkubwa. Wakaandika "Bashay" wakiuliza ni chuo gani.

Kitabu kitaandika jina la Mectilda kama aliyejaribu, ndiyo desturi yao. Mwishoni kuna sehemu ya shukrani, mistari miwili tu. Nimeandika: "Hatua ya pili ni ya Efrazia, aliyezaliwa Gendabi, anaishi Bashay."

Nafika tarehe 14, kwa basi la Nicodemo. Mwambie Bibi kibuyu cha Jumapili ni changu.

Oliva

*

Bashay
8 Juni 2025

Mheshimiwa Oliva, mwenye fuwele,

Nimemsomea. Nilipofika pale pa "Efrazia, aliyezaliwa Gendabi", alinyoosha mkono wa kushoto akaitaka karatasi. Unajua hajui kusoma. Aliishika tu. Mpaka sasa iko chini ya mto wake, na mimi naandika hii bila kuiangalia, kwa hiyo kama kuna ulichoniuliza nikakisahau, mlaumu yeye.

Mimi nina malalamiko. Nimeshindwa mara mbili, nimepigwa mara tatu, na kuku wangu mmoja anachechemea, halafu kitabu kinaandika dada wa Mwanza. Haya.

Njoo tarehe 14, na usichelewe. Nitakwambia sasa, ili ukifika usinitazame kwa mshangao. Bibi yako anakunywa vikombe viwili kwa siku, lakini hanenepi. Vidole vyangu viwili bado vinakutana kwenye mkono wake. Juzi hakuamka mpaka jua lilipofika dirishani, na mimi nilikuwa nimekaa pale, nimeshika kijiko, sijui namlisha nani.

Alipofumbua macho nilifanya ujinga. Nilichoma kijiti, nikakifukiza kibuyu, nikakiweka dirishani wazi kabisa, kwa makusudi. Nikageuza mgongo. Nikangoja. Nilingoja muda mrefu kuliko nilivyowahi kungoja kitu chochote, hata wewe ulipokuwa unazaliwa.

Mfuniko ukanipata kisogoni. Umeacha kinundu. Sijawahi kupewa zawadi kama ile tangu mwaka sabini na tatu, nikamwambia asante, naye akanifanyia ule uso wa upande mmoja.

Sasa nafanya hivyo kila asubuhi. Naweka kibuyu wazi, nageuka, nangoja.

Simu nimeitoa kwenye debe la mahindi, nimeichaji kwa Mwalimu Verdiana, lakini sitakupigia kwa salamu. Salamu nitaandika. Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukiona namba yangu inaita kabla ya tarehe 14, usiipokee ukiwa umesimama. Vua glavu, ziba chupa zako zikiwa bado za moto, halafu keti.

Babu yako,
Bonaventura Tluway, mjaribu